Kuona Lofoi kwa Telefone



Siku moja kisha mafundisho ya vijana hapa Kolwezi, kijana mmoja alinionyesha telefone yake. Ndani kulikuwa picha ya video ya maporomoko ya Lofoi. "Pasta, miye nilisha kufika kule," akasema. "Sikulipa motokari, sikukanyaga majani, sikutupa chupa. Njo safari ya leo!"

Wenzake walicheka. Mimi niliona kwamba anasema kweli, lakini nusu tu.

Lofoi ni mto wa kwetu Katanga. Unatoka juu ya mlima wa Kundelungu, ndani ya mbuga ya taifa iliyowekwa mwaka 1970, na maji yake yanaanguka zaidi ya metre 300. Nilifika pale nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia. Barabara ilikuwa mbaya sana, tukasukuma motokari mara nyingi. Lakini sauti ya maji ilitufikia mbele ya kuyaona, na nguo zetu zililowana tungali mbali. Jioni tulinunua unga na samaki kwa wamama wa kijiji, na baba aliyetuongoza njia akapata mshahara wake.

Kijana anasema kweli namna gani? Pengine ni vizuri mtu asifike. Angalieni Virunga, mbuga ya Kivu iliyowekwa mwaka 1925. Sokwe wakubwa wa mlimani wanaweza kuambukizwa magonjwa yetu. Kwa hiyo, mwaka 2020, wakati wa Covid, mbuga ilifungia wageni mlango. Mwenye kuwaangalia kwa telefone hakuwaletea kikohozi. Lakini wageni walipokosa, feza yao ilikosa vilevile, na mbuga inahitaji feza ya kulipa walinzi. Picha hainunui unga kwa mama wa kijiji.

Tena kuna jambo lingine, nalo linatugusa sisi watu wa migodi. Nilimwuliza yule kijana: "Betri ya telefone yako inatengenezwa na nini?" Akanyamaza. Anajua vizuri, sababu kaka yake anachimba. Betri nyingi za telefone zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi hapa kwetu. Basi ile safari haikukanyaga majani ya Kundelungu, lakini ilikanyaga udongo wa Kolwezi. Mashimo yake tunayapita kila siku tukienda kanisani.

Sisemi mtupe telefone. Yule ambaye hana franga, na mgonjwa asiyeweza kutembea, waangalie na kufurahi. Lakini telefone ingali nzima, usiibadilishe juu ya kufuata wenzako. Na kile ulichopenda kwa macho, ukitafutie miguu siku moja.

Tulipatana hivi: kila mwezi kila kijana atatia franga kidogo ndani ya sanduku. Zikitosha, tutakodi motokari moja, watu wengi pamoja. Tutalipa mwongozi wa pale, tutanunua chakula cha kijiji, na takataka zetu tutazirudisha nyumbani.

Tulipoachana, kijana alirudi mbio. "Pasta, ile maji inalia namna gani? Kwa telefone yangu sauti iliharibika."

Nikamjibu: "Tia franga ndani ya sanduku, mwanangu. Utaisikia wewe mwenyewe."