Gari Limeshuka, Usukani Umenyamaza

Huku Ujerumani, mtu akibadilisha springi za gari lake, kwa kawaida halirudi barabarani kihalali mpaka mkaguzi alichungulie chini na mabadiliko yaingie kwenye nyaraka. Japani, yanakotoka magari mengi ya Dar es Salaam, ukaguzi wa lazima haukubali gari lililobakiza chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Kwetu, kati ya Gerezani na Kariakoo, Altezza au Impreza linaweza kushushwa kwa grenda: springi inakatwa mzunguko mmoja, shokapu inarudi ileile, gari linaondoka. Wengi wakiona tofauti hiyo husema tatizo ni sheria. Sheria naiona ni sehemu ndogo. Kinachotutenganisha ni swali linaloulizwa kwanza. Fundi makini wa huku huuliza mikono ya chini inayoshika matairi imebaki katika pembe gani. Sisi tunauliza vimebaki vidole vingapi kati ya tairi na bodi. Swali hilo la pili halileti usukani mzuri, hata springi zikiwa za bei gani.

Tazama mguu wa mbele wa Impreza. Mkono wa chini ukiwa na urefu wa sentimita 35, bodi ikishuka sentimita 4, ncha ya nje inapanda na mkono mzima unageuka kwa digrii 6 na nusu hivi. Inaonekana kidogo, lakini pembe hiyo ndiyo inayoamua bodi italalia nukta gani gari likikata kona. Kwenye mguu wa aina hii, nukta hiyo hushuka zaidi kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka, kwa hiyo uzito unapata wenzo mrefu zaidi wa kulilaza gari. Ndiyo maana gari lililoshushwa ovyo linaweza kulala kuliko lilivyotoka kiwandani, kinyume na alivyotaka mwenyewe. Tairodi nayo haiendi tena sambamba na mkono wa chini, basi kila bonde likipitiwa tairi linajipinda kidogo bila dereva kugusa kitu, na usukani unaanza kubishana naye. Whiteline ya Australia huuza seti ya Impreza iliyoshushwa yenye boljointi za pini ndefu pamoja na tairodi endi zake. Zinauzwa pamoja kwa sababu ukirekebisha boljointi peke yake unahamisha ugonjwa, huuponyi.

Lakini wanaoshusha Dar ni wachache. Walio wengi wanapandisha, kwa spesa juu ya shokapu, kwa sababu ya matuta na kwa sababu ya bonde la Msimbazi: mvua kubwa zikija, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufurika na kufungwa. Hapa ndipo naona hazina ambayo mafundi wetu wanayo bila kuihesabu. Spesa inasukuma ncha ya nje ya mkono kwenda chini badala ya juu. Tairodi inapoteza usambamba wake vilevile, na mwegamo wa tairi unabadilika. Kupandisha na kushusha ni ugonjwa mmoja wenye alama tofauti. Fundi wa miguu ambaye ameshaona magari mengi ya spesa yakila tairi upande mmoja amekwisha kupata somo lote la gari la michezo lililoshushwa, ila kwenye kumbukumbu zake ameliandika kama tairi feki.

Halafu kuna hisia yenyewe. Ujumbe wa barabara huanzia kwenye tairi, unapita boljointi, tairodi, raki na bushi zake, ndipo unafika mikononi. Gari lililokwisha kutembea miaka 15 Japani linafika na raba zilizokauka, na raba iliyokufa inameza ujumbe huo njiani. Hakuna springi inayoweza kuurudisha. Rimu pana zenye mdomo wa nje huharibu zaidi: tairi linasogea mbali na mhimili linaouzungukia, na kila mchirizi uliobonyezwa na malori kwenye lami unavuta usukani. Kwa hiyo pesa ya kwanza, iwe Stuttgart au Mtaa wa Msimbazi, ningeipeleka kwenye bushi mpya, tairodi endi na tairi za kueleweka. Rimu za kung'aa zingesubiri zamu yao, na kwa kweli zingesubiri sana.

Nitaambiwa kwamba gari gumu ndilo linaloshika barabara. Linashika lami iliyonyooka kama meza, ndiyo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda na Impreza kwenye lami za Corsica, na mwaka huohuo akashinda Safari Rally nchini Kenya. Jina la gari ni lile, lakini la Corsica lilikaa chini na la Safari likainuliwa, likapewa mguu wenye nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka. Tairi likiruka hewani halina hisia yoyote ya kumpa dereva. Springi iliyokatwa, shokapu ikigota kwenye raba yake katikati ya kona, hufanya mguu uwe mgumu ghafla, na tairi la mbele linateleza pasipo onyo. Kwa mitaa yetu, sentimita 2 au 3 kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zinatosha. Zaidi ya hapo ni urembo, na anayetaka urembo ana haki yake, mradi asiuite ufundi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huku kuna mashine za kupima pembe za tairi na kwetu hakuna. Lakini elekeo la pua za tairi hupimwa kwa uzi ulionyooshwa pembeni ya gari na rula, na timu za mbio bado hutumia uzi huo viwanjani. Kuna jambo jingine lisilogharimu hata shilingi. Bushi za raba zilizogandishwa kwenye chuma zinashikilia pembe ile zilipokazwa. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, au likishushwa bila kulegeza bolti zake, raba inabaki imesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na inapasuka mapema. Dawa yake ni kulegeza bolti za mikono, kulishusha gari likae kwa matairi yake, kulitikisa mara kadhaa, kisha kuingia chini kuzikaza likiwa limesimama hivyohivyo. Panahitajika shimo la gereji na spana, na shimo Gerezani halikosekani.