Kabari Mbili za Marehemu Baba



Juma lililopita sikuwa nanyi. Nilikuwa Nakuru, kwa dada yangu mkubwa, katika mtaa uitwao Section 58, upande wa mashariki wa mji, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi. Sikwenda kutembea tu. Nilikwenda kwa sababu ya gari, na gari lenyewe ni mirathi.

Marehemu baba alituachia Land Rover ya mwaka 1969, aina ya Series IIA yenye chesi ndefu. Warithi ni mama, kaka yetu mmoja na sisi dada watatu. Mama ana thumni yake, na sisi tuna mafungu yetu, lakini gari halikatwi vipande. Tukakubaliana likae kwa dada, ambaye hulitumia kuchukua maziwa na mboga kwa wakulima wa miinukoni na kuyaleta sokoni. Kaka amekuwa akitaka liuzwe. Mama hataki hata kulisikia neno hilo. Kisha mwana wa dada, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akatuomba idhini ya kulifunga matairi makubwa ya inchi 35, apate kuwapandisha wageni Menengai hata wakati wa mvua. Dada akanipigia simu akasema, "Mdogo wangu, usitie idhini wala usiizuie. Njoo uone kwa macho yako."

Mtu wa Pwani aendaye Nakuru huacha joto la bahari, akapita Voi na Mtito Andei, akaivuka Nairobi, kisha akateremka katika Bonde la Ufa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Nilifika magharibi, baridi imeshaingia, kwani mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dada alinipokea kwa shali na chai ya tangawizi. Husemwa kwamba jina la Nakuru latokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Asubuhi nilipofungua dirisha niliamini: vumbi laini la volkano lilikuwa limetanda juu ya kila jani. Hili sasa ni jiji, kwani lilipewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, lakini kuku bado huvuka njia za mtaa bila haraka.

Kijana alikuwa amekwisha kuazima matairi makubwa kwa rafiki yake na kuyafunga, ili nijionee. Gari lilisimama uani refu kama ngamia. Tukapanda: yeye usukani, mimi ubavuni mwake, dada na wajukuu wake wawili nyuma.

Menengai ni volkano iliyobomoka ikaacha shimo pana la kilomita nyingi, na ukingo wake wafika mita 2,278. Ukisimama juu huona ziwa upande wa kusini, na ndani ya shimo mawe meusi ya lava, vichaka, na mvuke wa jotoardhi ukipanda taratibu. Lakini siku ile hatukufika juu. Tuliacha njia kuu tukashika njia ya mawe. Gurudumu moja la nyuma likateleza, likazunguka bure, kisha ghafla likalishika jiwe. Tukasikia mlio kama wa ubao uvunjikao. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Likaanza kurudi nyuma.

Kijana akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo lakini halikusimama sawasawa. Akavuta breki ya mkono. Ilikuwa kama kuvuta kamba isiyofungwa popote. Watoto wakalia. Dada hakusema neno. Aliinama chini ya kiti, akatoa kabari mbili za mvule ambazo baba hakuwahi kusafiri bila ya hizo, na ambazo sote tulikuwa tukizicheka. Akaruka chini na buibui lake, akazisukuma nyuma ya magurudumu. Gari likakaa. Tukawateremsha watoto, tukaketi juu ya majani, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema ila alhamdulillahi.

Kijana akakumbuka rungu jekundu la gia nzito, ambalo huyatia kazini magurudumu yote manne. Alilivuta, na kwa nguvu ya ekseli ya mbele peke yake tukateremka polepole, watoto na dada wakitembea kwa miguu, mimi nikiwafuata na kabari mikononi.

Jioni fundi alikuja nyumbani, mzee wa maneno machache. Akafungua bolti sita za katikati ya gurudumu, akachomoa shafti. Ilikuwa imekatika mwisho wake, pale kwenye meno yaingiayo katika difu. Akaniweka mkononi kipande kile na kunieleza, nami nawapa kama nilivyopewa.

Alisema kwamba ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zina shafti nyembamba zenye meno kumi, na udhaifu wao wajulikana na kila fundi. Tairi kubwa ni mkono mrefu zaidi: linapolishika jiwe, huisokota shafti kwa nguvu kubwa zaidi. Mkono huohuo huzishinda breki, maana dramu imebaki ileile na gurudumu limekua. Kutoka inchi 32 hadi 35 ni nyongeza ya asilimia 9 hivi, kwa hiyo saa ya mwendo ikionyesha 80, gari kwa hakika lakwenda karibu 87. Na juu ya yote, breki ya mkono ya gari lile haishiki magurudumu. Hushika shafti ndefu inayotoka kwenye gia. Shafti ya gurudumu moja ikikatika nawe hujaingiza magurudumu manne, breki ile huwa haishiki kitu.

"Mama," aliniambia, "kijana ameanzia juu. Aanzie chini."

Maana yake ilikuwa hii: kwanza ekseli, kisha breki, mwisho matairi. Alishauri ekseli ya nyuma iitwayo Salisbury, ambayo ilifungwa katika Land Rover ndefu za Series III. Shafti zake ni nene, zina meno 24, na hufungika juu ya springi zilezile, ila shafti ndefu ya nyuma lazima ibadilishwe urefu. La muhimu ni hesabu ya difu: ya nyuma ni lazima ilingane na ya mbele, yaani 4.7, la sivyo ukiingiza magurudumu manne ekseli mbili hupigana. Matairi akasema yabaki ya kipimo cha gari, 7.50-16, yawe mapya na ya aina moja yote manne.

Usiku ule tulikaa kwenye simu, Nakuru na Mombasa. Kaka alisema, "Basi liuzwe, kabla halijaua mtu." Nilimwelewa. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kabari bado zipo. Dada akamjibu, "Zipo, Mama." Mwishowe tuliafikiana kila mrithi achangie ekseli na breki kwa kadiri ya fungu lake, na uamuzi wa kuuza ungoje mwaka mmoja. Kijana akatoa fedha zote alizoweka kwa ajili ya matairi makubwa, akasema ndizo za matairi ya kawaida. Niliona uso wake. Haikuwa rahisi kwake.

Dada zangu, mara nyingi sisi hukaa kiti cha nyuma na watoto, tukaambiwa kwamba mambo ya gari si yetu. Ulizeni. Ikiwa matairi yanabadilishwa, ulizeni kama breki na ekseli zitayamudu. Tazameni ubavuni mwa tairi namba nne za mwisho: 2319, kwa mfano, ni tairi la juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani hupasuka hata likiwa na meno mazuri.

Siku ya kuondoka, ekseli ilikuwa imefungwa. Kijana alinipeleka kituo cha basi kwa mwendo wa pole. Nilipoinama kuchukua mkoba wangu, nikaziona kabari chini ya kiti. Zilikuwa zimefutwa vumbi na kupakwa mafuta. Sikumwuliza ni nani aliyefanya hivyo.

Tukutane juma lijalo, inshallah.