Kwotabeki wa Timu Tisa: Barua ya Mjomba kwa Mpwa Aliyeanza Kazi ya Mikataba

Ryan Fitzpatrick alicheza katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kwa misimu 17, kuanzia 2005 hadi 2021, na katika muda huo alivaa jezi za timu tisa. Zote tisa zilimpanga kuanza mechi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kwotabeki mwingine. Hata hivyo hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Huo ndio mtihani wa mchezaji wa kuhamahama: hakosi wa kumwajiri, wala hampati wa kukaa naye.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua kama aupitishe kwa mkimbiaji, aurushe kwa mpokeaji au abaki nao. Ndani ya kofia yake mna spika ndogo inayomletea sauti ya kocha, nayo hukatwa zikisalia sekunde 15 kabla ya muda wa kuanza kwisha. Kuanzia hapo yuko peke yake. Mbinu moja inaweza kuwa na jina refu kama sentensi, na kila timu ina msamiati wake; anayehama huanza kukariri upya, huku akitakiwa kuwaongoza watu ambao wamezoea msamiati huo kwa miaka. Kwa kwotabeki wa akiba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mazoezi mengi ya wiki hupewa yule anayeanza. Mara nyingi kazi ya wa akiba mazoezini ni kuigiza kwotabeki wa timu pinzani, ili mabeki wa kwao wajiandae. Mwenzake akiumia Jumapili, huingia uwanjani kutekeleza mbinu alizozijua kwa kuzisoma na kuzitazama tu.

Fitzpatrick hakusifika kwa nguvu za mkono. Alizaliwa Gilbert, Arizona, mwaka 1982, akasomea uchumi Harvard, chuo ambacho hakitoi wachezaji wengi wa kulipwa. Katika drafti ya 2005, yaani zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya, St. Louis Rams walimchukua katika raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, akiwa wa 250 kati ya 255. Mchezaji wa nafasi hiyo huitwa kujaribiwa, na akitemwa kabla ya msimu hakuna gazeti linaloshangaa. Novemba mwaka huohuo waliomtangulia wakaumia. Aliingia dhidi ya Houston timu yake ikiwa nyuma sana, akarusha yadi 310 na pasi tatu za tachidauni, yaani za kufunga, na Rams wakashinda 33 kwa 27 katika muda wa nyongeza. Simulizi nyingi za vijana huishia hapo, penye shangwe. Yeye alipewa mechi tatu zilizofuata, akapoteza zote, akarudishwa benchi. Mwaka 2007 aliuzwa Cincinnati, na huko pia alicheza kwa sababu kiwiko cha kwotabeki wa kuanza, Carson Palmer, kilikuwa kimeumia.

Buffalo ndiko alikokaribia kupata makao. Oktoba 2011, timu ikiwa imeanza msimu vizuri, alisaini nyongeza ya miaka sita yenye thamani ya dola milioni 59. Kijana anayesoma mkataba wowote na aitazame tarakimu hiyo kwa makini. Katika NFL sehemu kubwa ya mshahara wa miaka ya mbele haina dhamana. Inayohesabika ni ile iliyodhaminiwa, ambayo kwake ilikuwa kama dola milioni 24. Kilichobaki ni ahadi ambayo klabu inaweza kuivunja kila mwisho wa msimu. Baada ya kusaini, Buffalo walishinda mechi moja, kisha wakafungwa saba mfululizo. Fitzpatrick alimaliza msimu ule akiwa na pasi 23 zilizonaswa na wapinzani, nyingi kuliko za kwotabeki yeyote mwaka huo. Machi 2013 Buffalo walimtema. Miaka sita ya kwenye karatasi ikawa chini ya miwili.

Kilichofuata ni timu moja baada ya nyingine: Tennessee 2013, Houston 2014, New York Jets 2015. Alifika Jets kama mtu wa akiba. Agosti hiyo Geno Smith, aliyetarajiwa kuanza, alivunjwa taya na mchezaji mwenzake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, na Fitzpatrick akaishia kurusha pasi 31 za tachidauni, rekodi mpya ya klabu hiyo. Mechi ya mwisho, ambayo ushindi ungewapeleka kwenye mtoano, ilichezwa Buffalo, kwa waajiri waliomtema. Robo ya nne alinaswa pasi tatu. Majira ya joto yaliyofuata yeye na klabu walivutana kuhusu malipo mpaka mwishoni mwa Julai, akasaini mwaka mmoja kwa dola milioni 12, na Septemba akanaswa pasi sita katika mechi moja Kansas City. Haikuwa bahati mbaya tu. Alikuwa mtu wa kujaribu pasi ambazo wenye tahadhari huziacha, na ujasiri uleule uliomletea ajira ndio uliomfukuzisha.

Mfano ulio wazi ni Tampa Bay, 2018. Jameis Winston, kwotabeki wa kuanza, alikuwa amefungiwa mechi tatu za mwanzo. Fitzpatrick akarusha zaidi ya yadi 400 katika kila moja ya hizo tatu, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeyote katika ligi hiyo. Wiki iliyofuata walipigwa Chicago 48 kwa 10, naye akatolewa wakati wa mapumziko.

Upande wa pili wa kazi hii haumo katika takwimu. Klabu inayomleta kijana wa drafti humtaka pia mzee wa kumfundisha, na mzee huyo anajua kwamba anamlea atakayechukua nafasi yake. Josh McCown, aliyepita timu nyingi kuliko Fitzpatrick, alisifiwa sana kwa hilo. Mwaka 2010 alipokosa timu ya NFL alicheza katika ligi ndogo na kufundisha vijana wa sekondari. Januari 2020, akiwa na miaka 40, aliingia kwa mara ya kwanza katika mechi ya mtoano akiwa kwotabeki, kwa Philadelphia, na akaimaliza akiwa na msuli wa paja uliochanika. Baadaye akawa kocha wa makwotabeki katika ligi hiyohiyo, na si ajabu, kwani alishafanya kazi hiyo bila cheo miaka mingi.

Fitzpatrick alikutana na zamu hiyo Miami. Oktoba 2020, timu ikiwa na ushindi mara tatu na vipigo vitatu, nafasi yake ilipewa kijana Tua Tagovailoa. Hakuficha kwamba ameumia moyoni, lakini alibaki kumsaidia kijana. Desemba 26, dhidi ya Raiders huko Las Vegas, aliitwa katika robo ya nne. Zikiwa zimebaki sekunde chache na Miami nyuma kwa pointi mbili, beki alimshika wavu wa kofia na kumgeuza kichwa, naye akaachia pasi ya yadi 34 iliyomfikia mpokeaji Mack Hollins. Adhabu ya kosa lile iliongeza yadi 15, mpigaji akafunga kwa mguu, na Miami wakashinda 26 kwa 25.

Timu ya tisa ilikuwa Washington, 2021. Aliumia nyonga katika robo ya pili ya mechi ya kwanza, baada ya kurusha pasi sita tu, na hakucheza tena. Alistaafu Juni 2022 akiwa na yadi 34,990, pasi 223 za tachidauni na 169 zilizonaswa; katika mechi alizoanza alishinda 59, akapoteza 87, akatoka sare moja. Mwaka huohuo Amazon, waliokuwa wameanza kuonyesha mechi za Alhamisi, walimwajiri kuwa mchambuzi.

Mjomba