Motokari Mbili katika Lupango Moja



Kila mara wamama wa kikundi wanapofika kwetu kwa mkutano, jicho lao linaenda kwanza kwa ile Peugeot 504 iliyo chini ya mwembe, kisha kwa Corolla iliyo karibu na mlango, na swali ni lile lile: mnafanya nini na motokari mbili, na mshahara wa mwalimu ni ule tunaoujua sote? Wengine wanacheka kwamba tumeokota makuta mahali. Wengine wanasema kwa sauti ya chini kwamba baba wa nyumba anapenda vyuma kuliko watoto. Tumeona afadhali tueleze kwa maandishi. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi zina motokari ya zamani iliyolala nyuma ya jiko, magugu yametoka mpaka dirishani, na kila mwaka mtu anasema "mwaka huu tutaiamsha." Na katika nyumba hizo anayefunga mkanda tumboni ili vyuma vinunuliwe ni mama.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu alipata diploma ya Institut Supérieur Pédagogique na anafundisha masomo ya msingi. Mwingine anaendesha Corolla: asubui mapema anapeleka watoto wetu na wa majirani masomoni, halafu anafanya taksi mpaka jua linapozama. Corolla hiyo ilitoka Japani, ikashuka meli Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa kama dada zake wengi mnaowaona njiani. Usukani uko kuume, na sisi Wakongo tunapita kuume, kwa hiyo dereva akitaka kupita lori inabidi mtu wa kushoto amwambie kama njia iko wazi. Tumezoea. Motokari hiyo ndiyo inayoleta unga wa bukari. Kweli, tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, nasi kama wazazi tulipumua, lakini mkubwa wetu yuko sekondari, na huko minerval haijasahau jina la mtu yeyote.

504 ni jambo lingine. Ilikuwa ya baba mkwe, marehemu, ambaye alifanya kazi ya mgodi maisha yake yote. Wale wadogo hawajui 504 ilikuwa nini. Peugeot waliitoa mwaka 1968, na kule Ufaransa waliacha kutengeneza ile ya kawaida mwaka 1983, lakini Nigeria na Kenya waliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye, kwa sababu njia za Afrika hazikuishinda. Ya kwetu ni ile ndefu ya nyuma wazi, yenye safu tatu za viti. Chini nyuma ina risoro nne, mbili kila upande, ili ibebe mzigo bila kuinamisha mkia. Baba mkwe alibeba ndani yake maharusi, maiti, mahindi, na kwaya nzima, ingawa kwaya ilipanda kwa zamu.

Alipofariki, motokari ilikuwa imesimama tayari kwa miaka. Hata hivyo, baba wadogo walifika na mtu wa kununua vyuma vya kuyeyusha. Walisema mali ya ndugu yao ni ya ukoo. Hapo tulikaa na wazee siku mbili. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Wamama wengi hawajui hilo, na wengine wanafukuzwa nyumbani na sufuria moja mkononi kwa sababu hawajui. Watoto wote wa marehemu walikubaliana kwamba motokari ibaki mikononi mwa mama yao. Mama mkwe, ambaye watoto wetu wanamwita Kambo, alikuwa ameficha carte rose katika Biblia, ndani ya kikwembe, na karatasi hiyo ilisaidia kuliko maneno ya watu wote waliosimama kusema.

Mwaka uliofuata zamu yake ya likelemba ilifika. Alituletea makuta yote, akayaweka juu ya meza, akasema: "Baba yenu aliniambia hii motokari itanizika. Mimi sitaki inizike. Nataka nipande nikiwa hai." Mpango wake ulikuwa wazi: yeye na wamama wenzake wananunua mboga na mahindi upande wa Kipushi, kilomita kama 30, na kila safari wanalipa nafasi katika motokari za watu, wakikaa juu ya magunia yao wenyewe. Kwa safu tatu za viti, au ukitoa mbili za nyuma, wangebeba mzigo wao.

Basi tulikuwa na motokari moja inayotulisha na nyingine inayokula. Hapo ndipo shida ya kweli inaanza, na fundi hataielewa hata umwonyeshe mara mia. Motokari ya kila siku haipigi kelele inapougua. Inaharibika kidogo kidogo: ngozi ya mpira kwenye kardani inapasuka, vumbi letu jekundu linaingia katika grisi, na baada ya wiki chache ukikata kona unasikia ta-ta-ta. Ukibadili ile ngozi mapema ni makuta ya siku mbili za taksi. Ukingoja mpaka ta-ta-ta, unanunua kardani nzima. Lakini ile ya zamani inapiga kelele kila Jumamosi. Iko wazi mbele ya macho, imefunguliwa tumbo, na kila piesi unayoiwekea unaiona. Makuta yanapenda kwenda mahali jicho linapoenda.

Tulichukua kaye mbili za masomo. Ya buluu ni ya Corolla, nyekundu ni ya 504. Katika ya buluu tunaandika kilomita kila Jumapili jioni. Kila kilomita 5.000 ni vidanji na filtre ya mafuta, hata kama injini inaimba vizuri. Filtre ya hewa tunaifungua mara nyingi zaidi wakati wa vumbi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka mvua zianze. Kila siku ya taksi, kabla makuta hayajaingia nyumbani, sehemu yake inaenda katika kopo la Corolla. Katika kaye nyekundu yanaingia makuta ya Kambo, na yale tunayopata kwa masomo ya jioni kwa watoto wa kidato cha sita wa msingi, basi. Makuta hayavuki kutoka kaye moja kwenda nyingine. Minerval haimo katika kaye yoyote. Iko kwa mama wa nyumba, na fundi hajui mahali ilipo.

Jambo la pili tulilokataa ni kuhamisha vitu. Fundi alizoea kusema, "Leteni betri ya Corolla tujaribu kidogo." Zote mbili ni za volti 12, na kweli inafanya kazi. Lakini ukifungua na kufunga vichwa vya betri kila Jumamosi vinalegea, na Jumatatu saa kumi na mbili asubui watoto wamekaa ndani na begi zao na motokari inasema "kle" moja tu. Vilevile funguo, jeki, hata taa ya mkononi. Watu walituona wachoyo. Tulinunua betri ya mkono wa pili, dhaifu, inayotosha kuwasha injini mara mbili kwa siku, na amani ilirudi.

Sasa kazi yenyewe. Hapa tutachukua muda kidogo, kwa kuwa mama anayejua kinachofanyika hadanganywi bei.

Kutu kwanza. 504 inaoza pale maji yanapokaa: chini ya zulia, katika mbao za chuma chini ya milango, na juu ya magurudumu ya nyuma. Fundi wa mabati wa kwanza alitaka kujaza mastiki na kupaka rangi, akatupa bei nzuri sana. Kambo alichukua bisibisi, akaichoma sakafu mbele ya kiti cha dereva, na bisibisi ikatokea chini. Hakusema neno. Tulitafuta mwingine, anayekata bati bovu mpaka afikie chuma kizima ndipo achomelee bati jipya. Hiyo peke yake ilikula kiangazi chote.

Halafu injini. Ilikuwa na maji ndani ya mafuta, rangi kama chai ya maziwa. Kichwa cha injini, yaani kulasi, ni cha aluminiamu, na injini hiyo ikichemka sana kulasi inapinda. Lazima ipelekwe kwa mwenye mashine ainyooshe, na jwenti mpya iwekwe. Lakini kuna jambo moja ambalo vijana wengi wa garaji hawalijui, kwa kuwa wamekulia kwenye Toyota: silinda za 504 ni kama vikombe vilivyopachikwa ndani ya maji. Ukitoa kulasi, halafu mtu akazungusha injini bila kuvibana vile vikombe, vinanyanyuka, na muhuri wa chini unaharibika. Utaweka jwenti mpya juu na maji yataendelea kuingia kutoka chini. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Peugeot zamani alituonyesha namna ya kuvibana kwa vipande viwili vya chuma na bolti. Hakutaka makuta. Aliomba bukari na samaki, akala, akaenda.

Tangi la esansi lilikuwa na kutu na gundi ya esansi ya miaka mingi. Ukiweka esansi mpya humo, uchafu wote unaenda katika karibirateri. Tulilitoa, tukalitikisa na kokoto na maji ya sabuni, watoto wakifurahi kuliko siku ya Noeli.

Mwezi wa 10 ulituletea jaribu. Katika jwenti na kulasi tulikuta ufa mdogo, na siku hiyo hiyo mtu alikuja na kulasi nyingine nzima, ya kutoka 504 iliyokatwa, kwa dola 90. Kaye nyekundu ilikuwa na 35. Na kaye ya buluu? Corolla ilikuwa imekaribia kilomita 100.000 tangu mkanda wa ndani wa injini ubadilishwe, ule wa distribisyo. Makuta ya mkanda yalikuwa tayari katika kopo. Corolla ilitembea vizuri kabisa, haikuwa na dalili yoyote. Muuzaji wa kulasi alisema anangoja mpaka kesho saa sita.

Usiku huo hatukulala vizuri, na hatukusemezana vizuri. Mmoja wetu alisema mkanda unaweza kungoja mwezi mmoja, kulasi haitangoja. Mwingine alisema mkanda haumwambii mtu siku yake. Ukikatika kwenye njia ya masomo, watoto wa watu wamo ndani, na taksi imesimama, na tutakula nini tukiitazama kulasi? Tulitaja mambo ya zamani ambayo hayakuhusu motokari. Mnajua namna inavyokuwa.

Asubui tulimwambia Kambo ukweli wote, kwa sababu 504 ni yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliuliza: "Ni ipi inayopeleka watoto masomoni?" Tukabadili mkanda. Kulasi iliuzwa kwa mtu mwingine. Fundi alipotoa ule mkanda wa zamani tulikuta nyufa upande wa ndani na meno mawili yameanza kung'oka. Tunaweza kusema tulikuwa na haki, lakini Kambo alingoja miezi minane mpaka kulasi nyingine ilipopatikana, na katika miezi hiyo magoti yake yaliharibika, na sasa anaenda Kipushi mara moja kwa wiki badala ya tatu. Hilo nalo tunaliandika, kwa sababu makuta ya likelemba yalikuwa yake na muda uliopita ulikuwa wake pia.

Injini iliwaka mwezi wa 6, Jumamosi, kwa moshi mwingi ambao majirani walidhani ni moto wa jiko. Maji hayaingii tena katika mafuta. Tumebakiza freni: mipira ya freni ya zamani imevimba kwa ndani, na silinda kuu inavuja. Mpaka zipatikane, motokari haitoki nje ya lupango, hata kwa kusukumwa, na funguo zake ziko mahali pamoja na minerval. Baba wadogo wamefika kuiona, wakasema rangi haifai.

Tolfali nne za chini tumeshaziondoa, imesimama juu ya magurudumu yake. Kambo ameshachagua kiti chake, safu ya pili kushoto. Mchana, jua likiwa kali, anafungua milango yote miwili na kumenyea karanga humo.