Nilipojisifu kwa Kiswahili

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuulizwa wewe ni nani mbele ya watu zaidi ya ishirini ukakosa jibu, basi mshukuru Mungu. Mimi lilinipata likizo ya Agosti iliyopita, kisiwani Rusinga, na nimekaa nalo muhula mzima kabla ya kulileta hapa kwenye jarida la chama chetu.

Kwanza nieleze asili. Baba yangu ni mtu wa Rusinga, mama yangu ni Mmaragoli, nami nimezaliwa na kulelewa hapa hapa Kisumu. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha wazazi wangu. Dholuo yangu ni ya sokoni: bei ya samaki, "njoo hapa", na matusi mawili matatu ambayo mhariri angeyafuta. Basi.

Siku ya safari nilirauka kabla ya majogoo. Baba alinipa nauli ya kwenda na ya kurudi, kamili, bila hata shilingi ya peremende. "Babu yako amesema uende," aliniambia. "Vidole vyake vimeanza kukataa. Anataka umsikie akipiga nyatiti kabla haijawa ya kutundikwa ukutani." Mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nawazia simu yangu na nyimbo nilizojaza humo.

Pale Kisian tuliiacha barabara ya Busia tukashika ya Bondo. Makanga alikuwa ameweka muziki wa vijana, wa kutikisa vioo, hadi mzee mmoja aliyeketi nyuma ya dereva akamgeukia: "Kijana wangu, hebu tuwekee Misiani tupumzike." Alimaanisha D. O. Misiani wa Shirati Jazz, yule aliyezaliwa upande wa Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Alipowekwa, gari zima lilibadilika. Akina mama waliokuwa wakigombania nafasi ya mizigo walianza kutikisa mabega. Mzee akaniambia kwamba gitaa la benga lilijifunza kukimbia namna ile kutoka kwa nyatiti. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Ndori tulikata kushoto kuelekea Luanda Kotieno, na huko nikapanda feri ya Mbita. Simu ilikuwa tayari imezima. Mwanzoni nilinuna. Baadaye, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kusikia: injini chini ya miguu, maji yakipiga ubavu, kuku watatu ndani ya kikapu wakilalamika, mtu akipiga mluzi wimbo ule ule wa matatu. Upepo ulinuka samaki na dizeli. Mama mmoja aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma alinitazama, akalivunja lake katikati, akanipa nusu bila kuuliza mimi ni wa nani. Nimekula vitu vingi Kisumu, lakini ile nusu ya hindi bado naikumbuka.

Kutoka Mbita hadi Rusinga kuna daraja. Zamani palikuwa na tuta tu, maji hayapiti. Sasa mitumbwi inapita chini. Nilichukua boda boda hadi nyumbani.

Siku tatu za kwanza hazina hadithi kubwa. Nilichota maji, nikaanika omena kwenye nyavu, nikala ngege wa kuchemshwa mpaka nyanya akaniambia kwa vitendo kwamba tumbo langu litapasuka. Jioni tuliketi nje tukakitazama kilima cha Ligogo kikibadilika rangi. Binamu zangu walinicheka kila nilipofungua mdomo, nami nikajifunza kuufunga.

Jioni ya nne babu akaitoa nyatiti. Ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Zake ni za plastiki, kama mshipi wa kuvulia samaki. Aliketi kwenye kigoda kifupi, akavaa njuga mguuni, zile ziitwazo gara, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Pete hiyo ndiyo ngoma yake: anaigonga kwenye ubao wa chombo huku vidole vikicheza na mdomo ukiimba. Mtu mmoja, bendi nzima! Majirani walianza kuingia mmoja mmoja, na ua ukajaa.

Sasa, kuna jambo linaitwa pakruok. Msikilizaji anatoa pesa, mpigaji ananyamaza, na aliyelipa anasimama kujisifu: ni mtoto wa nani, anatoka wapi, rafiki zake ni akina nani, hasara gani ameishinda. Watu wanashangilia, kisha nyuzi zinarudi. Mvuvi mmoja alijisifu hadi akamsifu na punda wake. Halafu babu akasimamisha muziki yeye mwenyewe, akanielekezea kidole.

Kimya. Macho yote kwangu. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Nikatoa noti ya shilingi hamsini, mkono ukitetemeka, nikaiweka mbele ya kigoda. Nikasimama. Dholuo yote niliyokuwa nayo ikakimbia, hata yale matusi. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mimi ni mtoto wa Milimani, mahali paitwapo milimani na hakuna mlima! Baba yangu aliondoka hapa na sanduku moja. Mama yangu alivuka Maragoli kumfuata. Nimekuja kwa feri na nusu ya hindi. Babu, usiniulize kwa lugha nisiyo nayo. Nakusikia kwa hii!"

Binamu zangu waliangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee mmoja akauliza nimesema nini, jirani akamtafsiria, na nilipofika pale pa mlima watu wakacheka kicheko kingine, cha kukaribisha. Babu hakucheka. Alipiga uzi mmoja mnene, mara tatu, akaendelea na wimbo. Mara mbili vidole vya mkono wa kushoto vilikwama. Alivitazama kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi, akaanza upya.

Asubuhi nilimkuta akipangusa chombo. Anajua Kiswahili kizuri kuliko changu, alichokipata kazini Mombasa ujanani, ila hakuwa amenisemesha nacho hata mara moja. Nikamwomba msamaha kwa kumwaibisha. Akaniuliza: "Unajua bibi yangu alikuwa akiongea nini?" Nikasema Dholuo. "Kisuba," alisema. Akanieleza kwamba watu wa visiwa hivi ni Abasuba, na lugha yao ilikuwa nyingine kabisa, jamaa ya lugha za Kibantu, kabla Dholuo haijaimeza kidogo kidogo. Bado inasikika zaidi kule Mfangano. "Alikuwa akiniimbia. Najua sauti ya wimbo, maneno siyajui. Nilimcheka, nikiwa mdogo kuliko wewe." Akapangusa pale pale alipokwisha kupangusa.

Nikangoja anirudishie hamsini yangu. Alinitazama kwa mshangao. "Malipo ya mpigaji hayarudi," akasema. Badala yake akanifundisha maneno matatu, *an nyakwar jathum*, yaani mimi ni mjukuu wa mpigaji, akayarudia hadi koo langu likayashika.

Kwa hiyo siku ya kurudi sikuwa na pesa ya boda boda. Nilitembea kwa miguu hadi Mbita, jua likiwa utosini, nikiyarudia maneno yale kwa sauti kama mwehu. Karibu na daraja mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena akainua kichwa, akauliza kwa Dholuo, "Mpigaji yupi?" Nikaelewa swali, nikamtajia jina la babu. Akacheka, akasema neno refu ambalo sikulielewa, nami nikakimbia maana feri ilikuwa inapiga honi.