Amelala Fofofo

Mathe aliteleza bafuni Jumapili asubuhi akijiandaa kwenda kanisani, akavunjika nyonga. Jumanne mchana akaingizwa thieta. Saa kumi na moja jioni wakamrudisha wadini na vyuma ndani ya paja, dripu mkononi, mirija miwili midogo ya oksijeni puani, na kidoleni kile kidude cha kubana ambacho Wakenya wengi tulikijua wakati wa Korona, ile miezi watu walikuwa wanapima oksijeni sebuleni kama wanaangalia saa.

Hospitali sitaitaja. Sina kesi nayo, na sehemu ya makosa ya usiku ule ni yangu mwenyewe, nitafika hapo.

Saa za kuwaona wagonjwa ziliisha, askari akaanza kufukuza watu. Sista wa zamu ya usiku alinikuta nimejikunja kwenye kiti cha plastiki, Julai, baridi ya Nairobi inaingia dirisha ambalo halifungi. Akaangalia wadi nzima. Wagonjwa thelathini na kitu, wauguzi wawili. Akaniambia, "Kaka, kama unakaa, usilale. Ukiona kitu niite."

Nikajiona nimepata kazi. Kila nusu saa nilikuwa napiga picha ile skrini ndogo na kutuma kwenye grupu ya familia. Oksijeni 97. Oksijeni 98. Amina. Asante Yesu. Mjomba wa Nakuru akatuma sauti ya dakika tatu ambayo sikuisikiliza hadi leo.

Saa mbili usiku mathe alidungwa mofini. Ilimsaidia, lakini kufika saa nne akaanza kujikuna pua, halafu mashavu, halafu shingo. "Kuna kitu kinaniuma kwa hii blanketi. Hebu nipe Piriton kwa mkoba." Mkoba wa mathe una Piriton kama vile mikoba ya wamama wengine ina Biblia. Mafua, Piriton. Vumbi, Piriton. Usingizi umekataa kuja, Piriton. Nikamtolea mbili, akameza na maji kidogo. Hata sikufikiria.

Saa sita kasoro akaamka analia. Mathe halii. Nilimwona akilia kwenye mazishi ya baba na basi. Nikakimbia kwa meza ya sista nikamwomba, karibu nimpigie magoti, amwongezee dawa ya maumivu. Akaangalia faili, akaona saa nne zinaelekea kutimia tangu sindano ya kwanza. Akaniuliza, "Kuna dawa nyingine amekunywa mbali na zetu?"

Nikasema hapana.

Sikuwa nadanganya. Piriton sikuwa naihesabu kama dawa.

Akamdunga. Baada ya nusu saa mathe alikuwa anakoroma, na mkoromo wenyewe ulikuwa wa kishujaa, ule wa kuamsha ploti nzima. Nikaandika kwenye grupu: Amelala fofofo. Oksijeni 98. Wakashangilia. Nikatoa viatu.

Sasa, kazi yangu ya mchana ni kuhariri podikasti. Watu wanarekodi wakizungumza, mimi nakaa na hedifoni nakata. Nakata "eeeh", nakata kikohozi, na zaidi ya yote nakata pumzi, kwa sababu mtu akiwa karibu na maiki pumzi yake inasikika kama mtu anavuta gunia sakafuni. Kwenye kompyuta kila pumzi ni kilima kidogo kati ya maneno. Nimekata maelfu. Hivyo hata nikiwa nimechoka, sikio langu linahesabu pumzi bila kuambiwa. Ilipofika saa saba na nusu, sikio likaniambia kilima kimepotea.

Mkoromo ulikuwa umekatika. Kimya. Halafu mkoromo mmoja mkubwa, kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu kimya tena. Nikafungua saa ya simu nikahesabu dakika nzima. Saba. Nikahesabu nyingine. Sita. Skrini: 96, kijani, hakuna kelele yoyote.

Nikamfuata sista. Alikuwa kitanda cha mbali kabisa anahangaika na mgonjwa aliyejing'oa dripu, damu kwenye shuka.

"Sista, mamangu anapumua polepole."

"Oksijeni yake ni ngapi?"

"96."

"Basi mwache alale, amechoka. Nakuja."

Nikarudi. Nikakaa. Na hii ndiyo sehemu ambayo huwa inanirudia nikiwa kwa matatu, mahali popote ambapo sina la kufanya: nilirudi nikakaa, nikaiamini ile namba. Nilikuwa nimehesabu pumzi sita kwa masikio yangu, mtu mzima anastahili kuvuta kama 12 hadi 20, hilo hata mtoto wa sekondari anafunzwa, lakini kioo kilikuwa kijani na mimi ni nani.

Shosho wa kitanda cha jirani ndiye alisema. Nilidhani amelala. "Mwanangu, huyo hajalala. Mwite jina lake."

Nikamwita mama. Nikamwita jina lake la kwanza, ambalo sijawahi kulitamka mbele yake. Nikamtikisa bega. Kichwa kikaenda upande.

Sista alikuja mbio, na nilichoona ni kwamba skrini hakuitazama kabisa. Aliweka kiganja kifuani mwa mathe akangoja. Akamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, kwa nguvu, mimi nikataka kumzuia. Akainua kidevu ili koo lifunguke. Akamfunua jicho akamulika kwa tochi ya simu: mboni ilikuwa imejikunyata kama ncha ya kalamu. Akamwita mwenzake kwa sauti ambayo iliamsha wadi, na daktari wa zamu akaja amevaa kandambili.

Dawa waliyompa inaitwa naloksoni. Inaenda kuing'oa mofini pale ilipoketi kwenye ubongo. Walimpa kidogo kidogo, na baada ya dakika chache mathe akavuta pumzi moja ndefu, akafungua macho, akapiga nduru. Maumivu yote ya nyonga yalirudi kwa mara moja. "Mbona mnanichoma?" alikuwa anauliza. "Nimewakosea nini?" Nilimshika mkono, naye akanitazama kama mmoja wa waliokuwa wanamchoma.

Daktari akatuonya kwamba naloksoni inaisha mwilini mapema kuliko mofini, kwa hiyo anaweza kuzama tena. Tulikaa naye hadi kukakucha, sista akipita, mimi nikihesabu kwa sauti.

Asubuhi alikuja daktari wa nusu kaputi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaba: inawezekanaje mtu awe anakufa na mashine inasema 96?

Akaniuliza naishi wapi. Nikamwambia Kayole. Akacheka. "Basi utaelewa haraka. Kwa ploti yenu, maji ya bomba yakiwa yanatoka, hiyo inamaanisha mfereji wa maji taka haujaziba?"

Kupumua, aliniambia, ni kazi mbili. Unaingiza oksijeni, unatoa kaboni dayoksaidi. Kile kidude cha kidole kinaangalia bomba tu. Mathe alikuwa anapewa oksijeni ya ziada puani, kwa hiyo hata pumzi sita dhaifu zilitosha kuijaza damu oksijeni ikaonekana safi. Lakini pumzi sita hazitoshi kuzoa taka. Kaboni dayoksaidi inajaa, damu inakuwa na asidi, na gesi yenyewe ikizidi inamlevya mtu, anazidi kulala, anapumua kidogo zaidi. Ukingoja kidole kiseme, umengoja hadi maji taka yafike mlangoni. Bila ule mrija wa oksijeni namba ingeshuka mapema zaidi. Oksijeni ilimsaidia na wakati huohuo ikaficha.

Akachukua fomu ya maabara, akaigeuza, akachora. Kuna mashine, alisema, inaitwa kapnografu. Kijirija chembamba kinakaa puani, kinavuta hewa kidogo ya kila pumzi inayotoka na kuipitisha mbele ya mwanga wa infraredi, ambao kaboni dayoksaidi huumeza. Mwanga ukimezwa zaidi, gesi ni nyingi zaidi. Kwenye skrini, mtu akivuta hewa ndani mstari uko chini kabisa, akitoa unapanda, unatambaa juu kama paa bapa la gorofa, kisha unaanguka akivuta tena. Gorofa, uwanja, gorofa, uwanja. Mwisho wa paa ndipo unasoma namba: 35 hadi 45 kwa kipimo cha milimita za zebaki ni sawa. Mtu aliyelemewa na mofini utaona gorofa zinapungua na kwa kawaida kwenda juu, 60, 70. Akikosa kupumua, mstari unalala chini na mashine inapiga kelele palepale. Si baada ya dakika kadhaa.

Niliitazama ile karatasi kwa muda. Vilikuwa vilima vyangu. Vitu ninavyolipwa kufuta.

"Hapa mnayo?" nikauliza.

"Thieta tunayo. Wadini hapana."

Alisema bila kuficha na bila kuomba msamaha. Mgonjwa akiwa amelazwa kabisa, na mpira kooni, gorofa zinaangaliwa kila sekunde. Akitoka pale, akipewa mofini akiwa kitandani kwake, anaangaliwa na sista mmoja mwenye wagonjwa kumi na tano na kile kidude.

Tangu wakati huo nimesoma mambo haya kupita kiasi, ni ugonjwa wangu sasa. Nimejua kwamba John Tyndall, London, alianza mwaka wa 1859 kupima jinsi gesi zinavyomeza joto, na baadaye akaonyesha kwamba kaboni iliyo kwenye pumzi ya mtu inaweza kupimwa kwa njia hiyo. Ni sayansi ileile inayotuambia kwa nini dunia inachemka. Kwamba mwaka wa 1943 Mjerumani, Karl Luft, alieleza mashine ya kupima gesi kwa infraredi. Kile kidude cha kidole ni kidogo kwa umri: wazo lake lilitoka kwa Takuo Aoyagi, Japani, miaka ya 1970. Mdogo ndiye alitangulia kufika vitandani, kwa sababu ni rahisi na anatoshea mfukoni. Simlaumu. Ameokoa watu wengi mno.

Na kuna utafiti mmoja ulionikosesha usingizi. Unaitwa PRODIGY, ulichapishwa mwaka wa 2020. Waliwafuata wagonjwa 1,335 wa wadi za kawaida waliokuwa wanapewa dawa za jamii ya mofini, katika hospitali 16 za Marekani, Ulaya na Asia, wakawawekea kapnografu na oksimita muda wote. Asilimia 46 walipata angalau kipindi kimoja cha kupumua kulikolemewa. Karibu nusu! Walio hatarini zaidi ni wazee, wanaume, wale ambao miili yao haijazoea dawa hizo, wenye moyo dhaifu na wenye matatizo ya kupumua usingizini. Mathe ana miaka 71, mofini hakuwahi kuiona, na mkoromo wake tumeufanyia utani maisha yetu yote. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama anakoroma. Na sisi tungejibu tukicheka.

Daktari yule hakunipamba kuhusu mashine. Aliniambia wagonjwa wanavuta ule mrija wakitaka kupiga mswaki, wengine wanapumua kwa mdomo, kengele zinalia bure hadi watu wanaacha kuzisikia. Na pumzi zikiwa fupi sana, namba ya puani inaweza kuwa ndogo kuliko iliyo kwenye damu, kwa hiyo bado unahitaji mtu anayejua kusoma umbo. Bado unahitaji kiganja. Alisema akitaka kitu kimoja kesho, kabla ya mashine, angetaka sista wa tatu. Mimi ningetaka vyote viwili. Naona kiganja cha yule sista kilijua kuliko skrini, lakini kiganja kilikuwa kitanda cha mwisho kimejaa damu ya mtu mwingine.

Kabla hajaondoka nilimwambia kuhusu Piriton. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliuliza tu, "Ngapi? Saa ngapi?" akaandika kwenye faili. Halafu akasema kule kujikuna hakukuwa kwa blanketi, mofini yenyewe inawasha watu, na kwamba Piriton inalaza, na juu ya mofini inalaza zaidi. "Peke yake isingemfikisha pale," alisema. "Lakini haikusaidia." Nimelibeba hilo "haikusaidia" hadi sasa.

Jirani yetu, yule shosho, alipewa ruhusa Ijumaa. Nilimnunulia maziwa na mkate, akakataa mkate. Sista nilimtafuta siku mbili, zamu zake zilikuwa zimebadilishwa, nikamwachia salamu kwa mwenzake.

Mathe alitoka wiki iliyofuata, na sasa anatembea na fimbo anayoichukia. Usiku ule haukumbuki hata chembe. Wageni wakija, anawasimulia jinsi hospitali ilivyomhudumia vizuri, jinsi alivyolala fofofo baada ya upasuaji, hajawahi kulala hivyo tangu azaliwe. Kisha ananigeukia. "Si ulikuwa hapo? Si nililala?"

"Ulilala, Mama."

Juzi alikuwa na mafua. Akauchimbua mkoba wote juu ya meza, leso, risiti, Biblia ndogo, akauliza nani amechukua Piriton zake. Nikamwambia sijui. Ziko kwenye droo yangu pale studio, chini ya kebo za maiki. Zimebaki nane.