Fidla ya Mkono wa Kulia

Kinanda ndicho kilichonilisha: Jumapili kanisani na kwaya, na baada ya mavuno harusini na kwenye sherehe za jando na unyago, kuanzia Mandawa hadi Ruangwa mjini na Nachingwea. Watu huku wananijua kwa sauti moja ya fidla ambayo hakuna kinanda kinachotoka nayo dukani. Niliipanga mwenyewe. Naieleza hapa kwa ajili ya vijana wanaotaka kununua kinanda kipya kila wanapotamani sauti nzito.

Fidla iliyorekodiwa ni ya kweli: unasikia uta ukigusa uzi. Ila mara nyingi kinanda hubeba noti chache tu zilizorekodiwa, kisha huzivuta kufikia noti za jirani. Ukipanda juu, mtetemo wa kidole cha yule mpigaji unakwenda mbio, ukishuka, unazubaa. Sauti ya sintesaiza, inayoundwa na mitambo tangu mwanzo, haina shida hiyo na hudumu kadiri unavyobonyeza, lakini mwanzo wake ni mtupu.

Sikio hutambua chombo hasa kwa ule mguso wa kwanza wa noti. Watengenezaji wa vinanda Roland walilitumia jambo hilo katika kinanda chao cha D-50 cha mwaka 1987. Kumbukumbu ya kuhifadhia sauti ilikuwa ghali, basi wakaweka vipande vifupi vya vyombo halisi kwa ajili ya mwanzo, na sehemu inayofuata wakaiachia sintesaiza. Ule uamuzi wa kubana gharama ndio ulionifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote.

Mimi nilipiga miaka mingi kwenye Korg M1 iliyotumika, kinanda cha mwaka 1988. Hutoa sauti 16 kwa wakati mmoja. Ukibandika sauti mbili juu ya kila noti, unabaki na noti 8. Kwaya ina sauti nne; ongeza besi ya mkono wa kushoto, kanyaga pedali, na noti za mwanzo zinaanza kukatika waimbaji wakiwa katikati ya ubeti. Kwa hiyo nilizipandanisha upande wa mkono wa kulia tu. Kushoto nikaacha sauti moja, kavu.

Fidla iliyorekodiwa naiweka mbele. Ya sintesaiza inaingia nyuma yake polepole, kwa sauti ndogo, ikiwa imepishana nayo kidogo sana, kiasi cha kusikika kama wapigaji wawili wa kweli. Huwezi kutaja ilipo, lakini ukiizima, kwaya nzima inageuka kukutazama.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni kukata sauti za chini za ile ya nyuma. Sherehe za huku zina ngoma za ngozi, zinazopigwa kwa mkono, nje, bila kipaza sauti. Kinanda kikijaa chini, ngoma inamezwa.

“Mwalimu, nipishe,” mzee mmoja mpiga ngoma aliniambia zamani tukiwa uwanjani.

“Njia ni yako, mzee,” nikamjibu, nikapunguza.

Tangu hapo sijapanga sauti yoyote bila ngoma kuwapo. Sasa narekodi ngoma hizo kwa simu, pigo mojamoja, taratibu na kwa nguvu, ili niziwekee tabaka lake la sintesaiza. Wazee wameridhia, kwa sharti kwamba wazisikie wao kwanza.